Faini ya Asiye na Jamaa

Watu wengi husema kwamba faini ni adhabu nyepesi. Kwa mwenye jamaa ni kweli: baba atauza mbuzi, mjomba ataongeza shilingi kidogo, na jioni mkosaji yumo nyumbani anakula. Lakini yule aliyelelewa na watu wasio wazazi wake, naye amekwisha timiza miaka 18, atauziwa mbuzi wa nani?

Nayajua mambo haya kwa sababu mama yangu, hapa Uganda, alilea watoto watatu wasio wake pamoja na sisi wanne. Mmoja wao, ambaye kwangu ni kaka, alipokuwa mkubwa alihamia mjini akawa mchukuzi wa mizigo sokoni. Siku moja alipigana na mwenzake hadharani, wakamwaga nyanya za mama mmoja. Mbele ya hakimu hakukana. Mama alipopata habari alihesabu fedha zilizokuwamo katika kikopo. Zilikuwa karo zetu. Kama angetozwa faini, ama mmoja wetu angeacha shule, ama yeye angekwenda gerezani.

Hakimu alimwuliza kama akubali kufanya kazi ya jamii, naye akakubali. Sheria yetu ya kazi hiyo ilitungwa mwaka 2000. Yahusu makosa madogo, ambayo kifungo chake hakizidi miaka miwili. Kazi haizidi miezi sita, wala saa nane kwa siku, na haina mshahara. Kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto yataka hakimu atazame uwezo wake kabla ya kumtoza faini, wala asimfunge kwa kushindwa kuilipa. Siku atimizapo miaka 18 kinga hiyo humwondokea, ingawa mfuko wake ni ule ule.

Kaka alipewa kufyeka majani na kuchimba mitaro katika zahanati. Alifanya kazi asubuhi, na mchana akarudi sokoni kutafuta chakula chake. Jambo hili lisidharauliwe, kwani kijana asiye na mlezi akishikwa kazini kutwa nzima, usiku atalala na njaa, na njaa yaweza kumrudisha mahakamani.

Wako wasemao kwamba kufyeka majani ni mchezo. Mimi nilimwona. Watu aliowajua walipita wakimtazama, na asubuhi moja alipita yule mama wa nyanya, amebeba mtoto mgonjwa. Kaka aliweka panga chini, akamwamkia. Faini ingelipwa na mama yangu. Adhabu hii aliilipa mwenyewe.

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Ni kweli, lakini mkono mtupu waweza kushika jembe. Basi, enyi wanafunzi wa zamani mlio mahakimu na maofisa wa ustawi wa jamii, aletwapo kijana kama huyu, kabla ya kutaja shilingi, mwulizeni kwanza: "Una nani wa kukulipia?"