Kyela: Kuwakumbuka Wafu bila Kufilisi Walio Hai

Anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela huiacha baridi ya Rungwe nyuma yake, akaingia katika nchi tambarare yenye joto, nchi ya mpunga, migomba na mikakao. Mbele yake ni Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na chini yake ni Matema, wanakoleta vyungu vyao wanawake wa Kikisi.

Katika nchi hii ya Wanyakyusa msiba si wa nyumba moja. Zamani ngoma za msiba zilipolia, majirani walikusanyika, wanawake wakaomboleza, wanaume wakacheza na mikuki, na ng'ombe wakachinjwa. Mtu mkubwa alichinjiwa wengi. Desturi hiyo ina wema wake, maana mfiwa haachwi peke yake. Lakini ina na uzito wake: wageni wakiisha kuondoka, zizi hubaki tupu, na mjane na watoto ndio wenye kulipa.

Taabu hii Wayahudi waliijua zamani sana. Kitabu chao cha Talmud chasimulia kwamba gharama za maziko zilizidi uchungu wa kifo chenyewe, hata jamaa wengine wakaiacha maiti, wakakimbia. Ndipo mwalimu wao mkuu, Rabban Gamaliel, alipoagiza kwamba yeye azikwe kwa sanda ya kitani tu. Watu wakamfuata.

Je, walipopunguza gharama walisahau wafu wao? Hata kidogo! Aliyefiwa na baba au mama husali sala iitwayo Kaddish kwa miezi 11. Hawezi kuisali peke yake. Lazima wawepo watu wazima 10, na kwa desturi ya zamani, wanaume. Tena sala hiyo haitaji kifo hata mara moja, ila humtukuza Mungu. Kila mwaka, siku ya kifo ikifika, huwashwa taa ya kuwaka usiku na mchana. Na makaburini huwekwa jiwe dogo, ishara kwamba mtu amefika.

Wenye imani hiyo wako hata karibu nasi: ni Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu tangu mwaka 1919. Idi Amin aliwakataza, nao wakasali kwa siri.

Nasi Wakatoliki twasoma katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo jinsi Yuda alivyochanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa. Kwa hiyo kila tarehe 2 Novemba twawaombea marehemu wote.

Basi, wazazi, andikeni katika daftari la nyumbani siku aliyokufa kila mtu wenu. Siku hiyo ikirudi, waiteni majirani kumi, mtaje jina lake, msali pamoja. Ng'ombe na abaki zizini kwa ajili ya karo ya watoto wake.