Kabla Aibu Haijaota Mizizi

Mchezo wenyewe ni mdogo. Unakusanya vizibo vya soda, unaandika silabi moja ndani ya kila kimoja kwa makapeni, kisha watoto wanaketi sakafuni kwa duara na kuunda maneno kwa zamu. Ka, la, mu: kalamu. Kiswahili kinakubali mchezo wa namna hii, maana silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na mtoto akishaijua ma ataikuta ni ileile katika mama na katika maji.

Nimechukua muda mrefu kuelewa kwa nini mtoto anayenyamaza akiitwa ubaoni husema akiwa kwenye duara. Mwanzo nilidhani ni raha ya kucheza tu. Siku hizi nadhani ni zamu. Katika Darasa la Pili lililojaa, nafasi ya kusoma kwa sauti huja kwa nadra, na ikija huja mbele ya macho yote. Kwenye vizibo hurudi baada ya muda mfupi, na kosa hupitwa na zamu ya mwenzake kabla aibu haijaota mizizi.

Hata hivyo, shaka haijaniisha. Wapo wanaokariri kizibo badala ya silabi: chenye kutu ukingoni ni ta, kilichobonyea ni so. Wanashinda, wanashangiliwa, na hawajasoma. Kwa hiyo mimi huviandika vizibo upya mara kwa mara, na kila mara kuna anayekwama.

Huwa nakumbuka majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE mkoani Tanga, yaliyohitimishwa 2019. Watoto wa vijiji takriban 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani, walipewa tableti zenye masomo na michezo, na baadhi wakaanza kusoma Kiswahili. Habari hiyo hunipa moyo kweli. Lakini hunirudisha palepale: mtoto akishalipata neno, nani atamwuliza limemwambia nini?

Siku hizi najaribu sharti jipya: anayeunda neno alitungie sentensi, na wenzake wamwulize swali. Mchezo umekuwa wa polepole. Wengine wanasimulia mpaka kengele inalia. Wengine wananiuliza lini tutarudi kwenye ule wa zamani, na bado sijajua kama niwakubalie.