Mtungi wa upepo niliowashauri wanunue

Leo sina habari ya mbolea wala ya viwavijeshi. Nataka tuzungumze juu ya kompresa, ile mashine ya upepo ambayo siku hizi utaikuta kwa fundi pancha, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa fundi rangi na hata uani kwa mwenye powatila. Nimechelewa kuandika habari hii kwa karibu miaka miwili. Sababu ya kuchelewa ni kwamba sehemu ya kosa ni yangu.

Nafanya kazi ya ugani katika Bonde la Kilombero. Kikundi kimoja cha wakulima katika kata yangu kina mashine ya kukoboa mpunga. Msimu mmoja ulikwenda vizuri, wakabaki na akiba kidogo, na mama mwenyekiti akaniuliza, "Bwana Shamba, hela hii tuielekeze wapi?" Nikawaambia wanunue kompresa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: powatila na matela yanayoleta mpunga hupata pancha njiani, vijana wa bodaboda wanaosubiri mizigo wanahitaji upepo, na mashine yenyewe inapaswa kusafishwa vumbi kila jioni. Kila tairi linaingiza shilingi mbili tatu. Hesabu hiyo hata leo sioni ubaya wake. Ubaya ni kwamba niliongozana nao mjini kuichagua, na nilichokagua mimi ni mota, mkanda na bei.

Ilikuwa ya mtumba, imepakwa rangi mpya ya bluu inayong'aa. Muuzaji akaiwasha, ikajaa upesi, ikajizima yenyewe. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeinama kuangalia tumbo la mtungi kwa chini. Nami niliyesoma, niliyepewa heshima ya kuwa mshauri, sikuinama.

Tuelewane kwanza kuhusu ule mtungi. Watu wengi huogopa mota kwa sababu inapiga kelele na mkanda kwa sababu unazunguka. Ni kweli, mkanda usio na kizuizi utakula vidole au upindo wa khanga. Lakini mota ikizimwa, hatari yake imezimika nayo. Mtungi hauzimiki. Umenyamaza pale pembeni, watoto wameukalia, na ndani yake nguvu yote iko palepale.

Nitakupa hesabu. Mshale wa geji ukisimama kwenye 8 bar, maana yake kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa mtungi, eneo dogo kama ukucha, inasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya kilo 8 hivi. Mtungi wenye upana wa sentimita 40 una kifuniko cha mwisho chenye eneo la sentimita za mraba zaidi ya 1,250. Zidisha mwenyewe. Ni zaidi ya tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia yameegemea bati la chuma lenye unene wa milimita chache. Chuma kikiwa kizima kinabeba mzigo huo miaka mingi bila shida, maana ndiyo kazi kilichotengenezewa. Kikiliwa na kutu, magunia bado yapo, ila ukuta haupo tena.

Na kutu inatoka wapi? Inatoka kwenye hewa yetu wenyewe. Anayeishi bondeni anajua chumvi inavyolowa kwenye kopo hata kama hakuna aliyemwaga maji. Hewa imebeba maji. Kompresa inaivuta, inaikandamiza, hewa inapata moto, kisha ikipoa ndani ya mtungi maji hushuka chini. Kila siku ya kazi yanaongezeka. Ndiyo maana kila mtungi una koki ndogo chini ya tumbo. Haikuwekwa pale kwa urembo. Ya kwetu ilikuwa imefunikwa na ile rangi ya bluu, na kwa miezi kumi na moja hakuna aliyeifungua. Siku moja nilimuuliza kijana wa mashine koki ile ni ya nini, akasema huenda ni ya kumwagia oili. Nikaitikia kwa kichwa, nikapita.

Mwezi wa kumi na mbili mtungi ukaanza kutoa povu chini, upepo unapita kwenye kitundu kidogo kama cha sindano. Mafundi wa kuchomelea wapo, na elfu kumi si nyingi. Wakachomelea kiraka. Jambo hili naliona vijijini kila mara na naomba unisikilize vizuri: kitundu cha kutu hakitoki peke yake. Ukikiona kimoja, jua chuma cha pembeni yake kimebaki chembamba kama kopo la maziwa, na moto wa kuchomelea unazidi kukidhoofisha. Mtungi uliotoboka kwa kutu umeshamaliza kazi yake. Mota na kichwa cha kompresa unaweza kuvihamishia kwenye mtungi mwingine mzima. Huo wa zamani utoboe matundu makubwa kabla ya kumpa mtu wa chuma chakavu, la sivyo utaukuta kwa jirani umepakwa rangi.

Baada ya kiraka likaja jambo la pili. Juu ya mtungi kuna valvu ndogo yenye pete, ile ya usalama. Kazi yake ni kufunguka yenyewe presha ikipita kiasi. Ya kwetu ikaanza kupiga mluzi kila mtungi ukijaa. Fundi akasema imechoka, inapoteza upepo bure. Akaing'oa, akaweka bolti. Kumbe valvu ilikuwa nzima. Iliyoharibika ni swichi ya presha, ile inayozima mota mtungi ukijaa. Ilikuwa inanata, inachelewa kukata, na mluzi ule ulikuwa unatuambia hivyo kila siku. Siku ile ya bolti nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kwa habari ya panya wa shambani.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili na kitu. Kijana wa mashine aliiwasha, akaiacha ijae, akatoka kununua chapati kwa mama lishe aliye nje ya lango. Alikuwa anarudi, amefika mlangoni. Mimi nilikuwa ofisini, umbali wa kama nusu kilomita, na nilidhani transfoma imelipuka. Nilipofika, mtungi haukuwepo. Ulikuwa umepasukia kwenye kile kiraka, ukaruka juu, ukatoboa bati na kwenda kuangukia turubai la mpunga ulioanikwa nyuma ya jengo. Kwa kawaida saa hizo akina mama huwa wanaugeuza. Siku ile walikuwa bado kwenye msiba wa jirani.

Kijana tulimkuta amekaa chini, ameshika kichwa, damu inatoka sikioni. Alipona, ila sikio la kushoto halikurudi. Ukimsemesha kwa upande huo hajibu, na wageni wasiomjua humwona ana maringo.

Baadaye niliuchungulia ule mtungi kwenye mpasuko wake. Ndani ulikuwa na tope jekundu na magamba ya kutu yanayobanduka kama gome la mti. Chini kabisa niliweza kulikunja bati kwa koleo. Nilimwendea mama mwenyekiti kumwomba radhi. Akanijibu, "Tulikwenda wote, Bwana Shamba." Hakusema zaidi, akaendelea kupepeta.

Kwa hiyo sasa, kama unataka kununua ya mtumba, inama. Lala chini kabisa ikibidi, na uende na tochi. Angalia kama kuna alama ya kuchomelea mahali popote pasipo mishono ya kiwandani. Fungua koki ya chini uone kinachotoka: maji ya kahawia kidogo ni kawaida, tope zito na magamba ni sababu ya kuondoka. Tafuta kibao cha chuma kinachoonyesha presha ya juu ambayo mtungi umetengenezewa. Kama kibao hakipo na muuzaji anakuambia "hii inabeba yoyote," rudi nyumbani na hela yako. Usikubali kompresa iliyoungwa kwa mtungi wa gesi ya kupikia na kichwa cha friji, hata kama aliyeitengeneza ni fundi hodari unayemheshimu. Naijua mikono ya mafundi wetu na naiamini kwa mambo mengi. Hili simo.

Mtungi ukitiliwa shaka, hupimwa kwa maji, si kwa upepo. Hujazwa maji pomoni, kisha presha huongezwa kwa pampu ya mkono. Maji hayakandamiziki kama hewa, kwa hiyo ukipasuka utavuja tu bila kuruka. Kazi hiyo mwachie mwenye ujuzi. Kwa hapa Tanzania wako wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazigusa sehemu za kazi kama mashine zetu. Najua mkaguzi akitajwa kijijini watu hufunga milango. Kikundi chetu nacho kilikuwa hivyo.

Kumwaga maji ni kazi ya dakika tatu. Jioni zima umeme, toa upepo mpaka presha ibaki kidogo, weka kopo chini, fungua koki taratibu, acha mpaka itoke hewa kavu. Wengine huiacha wazi mpaka asubuhi, ni vizuri zaidi. Valvu ya usalama nayo ijaribiwe mara kwa mara: vuta ile pete wakati mtungi una presha, uso ukiwa mbali. Inapaswa kutoa upepo kwa kishindo na kujifunga yenyewe ukiiachia. Isipofanya hivyo nunua mpya yenye kiwango kilekile, usiifunge. Na usitandaze upepo kwa mabomba ya plastiki ya maji. Yale ya maji yakishindwa hutiririsha, ya upepo hupasuka na kurusha vipande vyenye ncha kama vigae vya chupa.

Wenye matela na matrekta, rimu zenu nyingine ni za vipande, zina pete inayoshikilia tairi. Pete hiyo ikikaa vibaya wakati wa kujaza hufyatuka kwa ubavuni. Kwa hiyo usisimame mbele ya rimu. Kaa upande wa meno yanayokanyaga ardhi, tumia mpira mrefu wenye kibanio, angalia geji ukiwa mbali, na tairi lenyewe liwe ndani ya kizimba cha chuma kama fundi anacho. Halafu kumbukeni mtungi una psi zaidi ya 100, na tairi la pikipiki linataka thelathini na kitu tu. Kujaza kwa kusikilizia mlio ni kubahatisha.

Nimebakiza jambo moja ambalo watu hucheka nikilitaja. Pumba za mpunga zinawasha. Zamani kila nikitoka pale mashineni kijana aliniita, "Njoo Afisa nikupangushe," nami nasimama, mikono nimeitandaza, macho nimefumba, ananipuliza kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Nilikuwa naifurahia, ilikuwa kama kuoga. Na vijana wenyewe wakichoka hupulizana kwa mchezo, mgongoni, masikioni, makalioni. Ndugu zangu, upepo ule unasukuma pumba mpaka ndani ya jicho, unapasua ngoma ya sikio, na ukikuta kidonda unaingia chini ya ngozi. Mchezo wa makalioni ndio mbaya kuliko yote, hata nguo haizuii. Upepo ukiingia tumboni hupasua utumbo kwa muda mfupi kuliko wa kusema "acha." Watu wamekufa kwa utani huo viwandani, katika nchi zenye sheria kali kuliko zetu. Mwenye mashine, kataza jambo hili bila kuona haya, hata kama anayetaka kupulizwa ni mkubwa wako.

Kikundi kilinunua kompresa nyingine msimu uliofuata, mpya, kwa mkopo ambao bado wanaulipa. Wameiweka kwenye kibanda chake cha matofali nje ya jengo, kivulini, mbali na turubai. Kijana alirudi kazini. Mwanzoni nilidhani ataogopa, lakini yeye ndiye aliyeandika kwa chaki ukutani saa ya kumwaga maji, na anayeshika kopo, lile la mafuta ya kupikia la lita moja. Wakati wa masika hutoka maji ya kujaza kikombe cha chai kwa siku.

Wiki iliyopita nilikuwa pale tukapima unyevu wa mpunga. Nikatoka nimejaa pumba shingoni, na kwa mazoea miguu ikanipeleka kibandani, nikasimama nimetandaza mikono. Nikakumbuka, nikaishusha, ila alikuwa ameshaniona. Akageuza lile sikio lake zima, akaniuliza kama nimesema kitu. Nikamwambia hapana. Akanipa kitambaa.