Tiketi ya dola 145 niliyoilipa 251

Kwenye mkutano wetu uliopita mama mmoja aliuliza kama ni kweli kuna ndege ya bei ya chini ya kwenda Kinshasa, kwa sababu aliona tangazo. Wengine walimjibu ndiyo, wengine walimjibu hapana. Mimi nilinyamaza, maana jibu langu ni refu. Mama anayetengeneza gazeti letu akanigeukia: "Basi Madamu, liandike." Nimeliandika.

Ilikuwa mwezi wa nane 2022, likizo kubwa. Mdogo wangu alizaa Kinshasa kwa kupasuliwa. Mtoto alikuwa mzima, mama pia, lakini hospitali ilikuwa inamdai, na mnajua desturi: deni lisipoisha, mama hatoki. Bwana wake alikuwa amelipa sehemu ya kwanza. Zilibaki dola 250. Simu ilinipata usiku: "Yaya, kuja. Na kama uko na kitu, kuja nacho."

Nilikuwa na kitu, kwa bahati tu. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika mwezi ule. Nilipounganisha na akiba yangu nilipata dola 480. Kutoka hapa Lubumbashi, kwenda Kinshasa kwa njia ya chini si jambo la kufikiria wakati mtu anangoja kitandani: reli inaishia Ilebo, halafu unatafuta chombo cha mto Kasai, na hakuna anayeweza kukuambia ni siku ngapi. Kwa ndege ni saa mbili na kidogo. Kwa hiyo ndege.

Kwenye mlango wa ajansi moja palikuwa na karatasi kubwa yenye rangi: Kinshasa, kuanzia dola 145. Ajansi ya jirani ilisema 210. Mimi ninafundisha hesabu, nina diploma ya ISP, na sikuhitaji hata kalamu. Niliingia kwa ile ya 145.

Neno ambalo sikulisoma ni "kuanzia".

Kijana wa ajansi hakunidanganya, lazima niseme hivyo. Aliniambia kwa adabu: "Mama, 145 ni bei ya kiti. Tukiweka kodi na malipo ya huduma, ni 178." Nikakubali, kwa sababu nilikuwa tayari nimekaa, na mtu aliyekaa hapendi kusimama tena. Halafu akaona mtoto wangu mgongoni. Nilidhani mtoto wa miezi kumi na moja anayekaa kwenye mapaja ya mama yake hasafiri kwa pesa. Anasafiri kwa pesa. Kampuni nyingi za ndege zinamtoza mtoto wa chini ya miaka miwili karibu asilimia 10 ya bei ya mtu mkubwa, hata kama hana kiti. Kwa hiyo 18 zaidi. Nililipa 196, nikapewa karatasi yenye maandishi madogo ya Kifaransa, nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye sakosi. Jioni nilipiga hesabu kitandani: 480 kutoa 196, zinabaki 284. Za hospitali 250, za teksi na chakula 34. Nikalala vizuri. Go-Pass sikuihesabu humo, niliinunua kwa pesa ya mshahara. Hiyo wote tunaijua tangu mwaka 2009, ilipoanza kwa dola 10 kwa safari za ndani na 50 kwa safari za nje. Watu waliilalamikia sana, lakini angalau iko na jina na bei yake haifichwi.

Mzigo wangu ulikuwa valizi moja. Nguo za mtoto mchanga, vitenge viwili, ndakala za Kalemie, na unga wa mahindi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amenililia kwenye simu kwamba huko Kinshasa bukari ya mahindi yenyewe kama ya nyumbani ni kuitafuta.

Kwenye uwanja wa Luano binti wa kampuni aliweka valizi kwenye mizani. Kilo 29. Akatazama tiketi yangu, akasema: "Mama, hii tiketi haina mzigo." Nikamwambia mzigo ndiyo huu. Akasema tena, polepole, kama ninavyosema mimi kwa mtoto wa mwaka wa kwanza: tiketi yangu ilikuwa ya aina ya chini kabisa, inayobeba mtu na kilo 7 za mkononi, basi. Valizi moja ya kilo 23 ni dola 40. Kila kilo juu ya 23 ni dola 3.

Nyuma yangu kulikuwa na mstari mrefu. Mtoto alianza kulia. Nilifungua valizi palepale chini, mbele ya watu, nikatoa unga wote, kilo sita na kitu, nikampa kaka yangu aliyenisindikiza. Alirudi nao nyumbani kwa pikipiki. Ndakala nilizificha ndani ya blanketi ya mtoto, nisamehewe.

Nikalipa 40. Nikadhani imeisha. Halafu binti akachukua karte yangu ya mchaguzi, akaiweka kando ya tiketi, akakunja uso. Sisi Wakongomani tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na yule kijana wa ajansi alikuwa ameandika jina langu la pili na herufi mbili zilizogeuzwa. Kulirekebisha, dola 15. Kosa halikuwa langu, nilisema. Akanijibu kwamba nilipaswa kulihakiki nilipopewa karatasi. Na hapo, wamama, alikuwa na haki. Karatasi ilikuwa bado imekunjwa mara nne.

Nilipotoa noti ya dola 20 kulipa zile 15, aliinua juu kwenye mwanga na kunirudishia: ina mpasuko mdogo pembeni. Nikatoa nyingine. Ile iliyopasuka nilikwenda nayo Kinshasa, na mbadilishaji wa barabarani aliichukua kwa thamani ya dola 15.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Kodi, mtoto, valizi, jina: tiketi ya 145 imekuwa 251. Na ile ajansi ya jirani iliyosema 210? Nilikwenda kuiuliza niliporudi, kwa kujiumiza tu. Kodi ilikuwa ndani. Kilo 30 zilikuwa ndani. Mtoto angelipa 21. Jumla 231. Hata nikitoa zile 15 za jina, kwa sababu jina lingeweza kukosewa popote, mimi nililipa 236 kwa kukimbia 231, na unga ukabaki Lubumbashi.

Nilifika N'djili na dola 224 mahali pa 284. Teksi ilikula kumi. Hospitalini zilikosekana 36. Dola 36 si deni kubwa, mtu akisikia anaweza kucheka. Mdogo wangu alilala humo siku mbili zaidi kwa ajili ya dola 36, na kila siku ya kitanda nayo ina bei yake. Shemeji alizunguka kwa marafiki hadi akazipata. Mdogo wangu hakunisema neno. Aliniuliza tu: "Yaya, unga uko wapi?"

Binamu yetu anayekaa Ubelgiji nilimwandikia habari yote hiyo. Nilingojea anihurumie, yeye alinitumia sauti ya kicheko. Akaniambia huko ndiko walikozaliwa nayo. Anapokwenda kuona watu wake Italia anapanda kutoka Charleroi, uwanja unaoitwa wa Brussels ilhali uko mbali na mji, na basi la kufika huko wakati mwingine linamgharimu karibu sawa na tiketi yenyewe. Mlangoni kuna sanduku la chuma la kupimia begi. Begi lisipoingia, unalipa palepale, na pale bei ni kubwa kuliko ungelipa mapema nyumbani. Kuchagua kiti ni pesa. Kukaa na mtu wako ni pesa. Kusahau kujiandikisha kwenye simu kabla ya kufika uwanjani, hiyo nayo ni pesa kubwa.

Nikatafuta kuelewa, maana mwalimu hana dawa nyingine. Zamani tiketi ilikuwa kama sahani ya mkahawa: wali, maharagwe na mboga, bei moja. Kampuni za bei ya chini zilitenganisha sahani. Mwaka 2008 mafuta ya ndege yalipopanda sana, hata kampuni kubwa zikafuata. American Airlines ya Marekani ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza. Southwest, iliyojisifu miaka mingi kwamba mabegi mawili ni bure, nayo imeacha mwaka 2025. Sababu si ngumu kuelewa. Sisi wanunuzi tunalinganisha namba moja tu, ile kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Kampuni inayoandika bei yote inaonekana ghali. Inayoandika kipande inapata watu. Mimi nilipita mbele ya mlango wa mkweli na kuingia kwa mwingine, kwa miguu yangu mwenyewe.

Huko Ulaya wamejaribu kuweka kamba. Tangu 2008 kuna sheria kwamba bei inayotangazwa lazima iwe na kodi zote na malipo yote yasiyoepukika. Mwaka 2014 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilisema begi kubwa linaweza kutozwa, lakini begi la mkononi la kadiri ni sehemu ya msafiri mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja 2024 serikali ya Uhispania ilizitoza kampuni tano, Ryanair ikiwa kati yao, faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa mambo ya namna hii. Kampuni hazikukubali na zimekwenda mahakamani. Hayo ni mazuri kuyasikia. Lakini mama aliye mbele ya mizani, na mtoto analia, hana mahakama. Ana dakika ishirini.

Kwa hiyo mimi sasa siulizi tena tiketi ni bei gani. Ninakwenda ajansi nikiwa tayari nimepima valizi kwa mizani ya muuza unga wa mtaani, ninasema: mimi, mtoto wa umri huu, mzigo wa kilo hizi, mpaka nimekaa kwenye kiti, ni pesa ngapi, na uniandikie hapa. Ninauliza nikibadilisha siku itakuwaje. Ninauliza kama nalipa kwa franka watahesabu dola kwa bei gani, kwa sababu bei ya ajansi si bei ya barabara. Halafu ninasoma jina langu herufi kwa herufi kabla sijainuka. Vijana wa ajansi wananiona mama wa kusumbua. Wacha.

Iko jambo moja ambalo nimesita kuliandika. Ndani ya ile ndege nilikuwa na hasira sana, nikitafuta neno la kuwaita watu wale, na aliyenijia akilini alikuwa mama mmoja wa shuleni kwetu.

Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Mnajua, na mnajua pia jinsi ilivyo. Kwetu tulikuwa tunawaambia wazazi mwezi wa tisa: bure, lete mtoto. Mwezi wa kumi tunaomba pesa ya jezi. Mwezi wa kumi na mbili, ya karatasi za mitihani. Halafu ufagio, halafu kitambulisho, halafu buletini. Kila kitu kidogo, kila kitu kina sababu, na mimi ndiye niliyekuwa ninaandika vile vijikaratasi na kuvitia ndani ya daftari za watoto. Mama yule alikuja kwangu mwezi wa pili, akiwa na kijikaratasi changu mkononi. Ana watoto wanne. Hakugombana. Alisema: "Madamu, kama mungeniambia yote mwezi wa tisa, ningejua nani ataanza na nani atangoja. Sasa wote wameanza, na wote munawafukuza." Nilimjibu kwamba mimi ninatumwa tu. Ndivyo alivyonijibu pia yule binti wa mizani.

Niliporudi niliomba kwa mkurugenzi tuandike vyote kwenye karatasi moja, tangu ufagio hadi buletini, na jumla chini. Hakupenda. Alisema wazazi watakimbilia shule ya jirani inayosema bure. Tulibishana karibu mwezi mzima, na mwishowe akaniambia niandike, lakini nisimwite atakapoulizwa.

Niliibandika kwenye mlango wa darasa langu kabla ya masomo kuanza. Baba mmoja aliisoma, akamshika mtoto wake mkono, akaondoka naye, na sikumwona tena. Mama wa watoto wanne alikuja siku ya pili. Alisimama mbele ya karatasi muda mrefu, akatoa simu, akaanza kupiga hesabu. Kisha akaniomba kalamu.