Nyakunguru: Hifadhi jirani, mboga kutoka Arusha

Nilifika Nyakunguru kwa bodaboda kutoka Nyamongo, wilayani Tarime, kuandika habari za chanjo ya watoto. Kliniki iliisha mapema, na mama mmoja niliyezungumza naye akanikaribisha nyumbani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa ule kwanza."

Ugali wa mtama na muhogo niliumaliza. Kichuri nilikionja tu, watu wa Mara mnisamehe.

Nyuma ya nyumba ana bustani ya sukumawiki, nyanya na vitunguu, ambavyo huuza Nyamongo, kwenye watu wengi wa mgodi wa dhahabu. Mwanawe wa kwanza amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Hofu ya mama huyu ina neno moja: intruda. Ndivyo wanavyoitwa huku vijana wanaoingia mgodini bila ruhusa kutafuta mawe yenye dhahabu. Kazi yangu imenizoesha kuuliza kuhusu majeraha, lakini hapo nilinyamaza.

Yeye ndiye aliyeuliza: "Hivi wale Wazungu wa nyumbu wanapita wapi?"

Wako mashariki ya kijiji, kwenye mto huu huu wa Mara. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu huvuka mto pale Kogatende na Lamai, kaskazini mwa Serengeti. Wageni wengi hutua Kogatende kwa ndege ndogo, hulala kambini, kisha huruka tena. Dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi huko aliniambia hata kabichi ilikuwa inapanda gari kutoka Arusha.

Nyumbu huingia Kenya bila kuulizwa pasi. Mtalii aliyeko Maasai Mara hawezi kufuata njia yao: kituo cha Bologonja kilifungwa kwake tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, hivyo akija kwa gari huzunguka Isebania na Sirari. Yaani anapita Tarime, lakini kwenye kioo cha gari. Viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda ilianza mwaka 2014, na Tanzania haimo.

Wachumi wana neno lao, kongano: biashara zinazokaa karibu na kutegemeana, hoteli na mkulima, fundi magari na muongoza watalii, chuo na mwajiri. Ng'ambo, pembezoni mwa Maasai Mara, familia za Kimaasai zimeunganisha ardhi zao na kuzikodisha kwa kambi za watalii, mfano Mara North tangu 2009. Kodi hupangwa kwa ukubwa wa ardhi, si kwa idadi ya wageni. Ubunifu huo naupenda, ingawa hati nyingi zina majina ya wanaume, na mimi huuliza kwanza fedha inafika mkononi mwa nani. Kwetu, wilayani Serengeti, vijiji vitano kikiwemo Robanda vimeungana katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, vikipata mgawo wa mapato ya utalii.

Nyakunguru haina nyumbu wa kukodisha, ila bustani zipo. Kambi moja ikikubali kununua mboga hapa, kwa bei iliyoandikwa na siku inayojulikana, akina mama watahitaji mizani, kreti, chumba cha ubaridi na gari. Hayo hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Mjamzito wa hapa akizidiwa usiku, swali la kwanza ni nani ana nauli ya bodaboda, na kwa mama huyu nauli hutoka kwenye nyanya.

Kijana aliingia na dumu la maji, akasalimia, akasimama mlangoni akisikiliza. Kisha akauliza mtu anasomea wapi kuongoza watalii. Nikamtajia Chuo cha Taifa cha Utalii, na Pasiansi pale Mwanza kama anataka uaskari wa wanyamapori. Akaniomba nimwandikie majina hayo.

"Na ada?" mama yake akauliza. "Shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaliandika swali lake kwenye daftari langu la chanjo, pamoja na namba yake ya simu.