Hesabu 165, lugha 147, na swali la mama

Kazi imenibana na nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Lakini juzi kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinionyesha matokeo yake ya GRE huku amenuna, nikakumbuka yangu. Nimeona heri niandike hapa mara moja.

Kwa wasioujua, GRE ni mtihani wa shirika la ETS la Marekani. Idara za vyuo vikuu vya huko huutumia, pamoja na mambo mengine, kuwachuja wanaoomba nafasi za uzamili na uzamifu. Una sehemu tatu. Hesabu na lugha kila moja huwa na alama kuanzia 130 hadi 170, na uandishi una alama 0 hadi 6.

Mimi niliufanya Nairobi mwaka 2014, nikitaka kusomea bayoinfomatiki. Malipo yalikuwa karibu dola 200, yaani zaidi ya shilingi 17,000 za wakati ule. Nusu alinitolea mama baada ya kuuza mtamba. Alama za hesabu na lugha huonekana kwenye kompyuta ukimaliza tu: hesabu 165, lugha 147. Jioni nikampigia mama simu Bomet.

"Umepita ama umeanguka?" akauliza.

Nikakosa jibu. Sisi tuliosomea Kenya tumezoea KCSE: masomo yanajumlishwa, inatoka gredi moja, na hiyo ndiyo inakusema. GRE haina kupita wala kuanguka. Kila idara hujiamulia, na ETS yenyewe huonya kwamba mtu asikataliwe kwa alama hizo peke yake. Nikamwambia mama, "Upande mmoja vizuri, upande mwingine hapana." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, mwanangu." Nilijua anafikiria mtamba wake.

Kwanza nilijifariji na ile 165. Ilikuwa imewapita watahiniwa karibu tisa kati ya kumi. Kosa langu lilikuwa kusahau ninashindana na nani. Wanaoomba idara za sayansi wengi wao wana hesabu nzuri, kwa hiyo 165 yangu haikunitofautisha na mtu. Lakini 147 ya lugha ilikuwa imewapita kama theluthi moja tu, na hiyo ingeonekana haraka.

Kuificha haikuwezekana. Siku ya mtihani ETS hukuruhusu kutuma alama kwa vyuo vinne bila kuongeza malipo, nami nilikuwa nimeshavichagua. Kurudia mtihani kulikuwa na maana ya kukosa ada za kutuma maombi. Pesa zilitosha jambo moja tu.

Wiki mbili baadaye ikaja alama ya uandishi: 3.0. Hiyo nayo iliwapita mtu mmoja hivi kati ya kumi. Nilikasirika sana. Nilijiambia Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, baada ya Kikipsigis na Kiswahili, na kwamba mtihani huu umetungiwa watu wengine. Kuna ukweli ndani yake. Lakini haukuwa ukweli wote.

Wakati huo nilikuwa nimeandika programu ya kutafuta virusi vya mahindi. Kuna ugonjwa unaokausha mahindi ulioripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2011, huko huko kwetu Bomet, na husababishwa na virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja. Programu yangu ilisoma mifuatano ya jeni kutoka kwa majani yaliyougua na kutafuta dalili za virusi hivyo. Niliionea fahari sana. Nikampa rafiki yangu, mwanaprogramu pia, aijaribu kwa kufuata faili yangu ya maelezo.

Alihangaika saa mbili na haikuanza. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, bado akapotea. Akaniambia, "Wewe unaruka. Unatoka hatua ya kwanza unaenda ya nne, halafu unashangaa kwa nini hatukufuati."

Hapo ndipo nilipoielewa ile 3.0. Tatizo halikuwa Kiingereza peke yake. Sikuwa nimejifunza kumshika msomaji mkono kutoka hoja moja hadi nyingine, kwa lugha yoyote ile.

Nikaachana na mpango wa kukariri maneno magumu ya Kiingereza. Nilitumia majuma matatu kuyaandika upya maelezo ya programu: inafanya nini, inahitaji nini, amri moja baada ya nyingine, na inakosea wapi. Kila toleo nilimpa rafiki yangu huyo, hadi akaiendesha bila kuniuliza swali. Katika barua ya maombi sikutoa visingizio. Niliandika aya moja kuhusu kazi hiyo na kuonyesha mahali ilipo mtandaoni. Nikamwomba mhadhiri wangu aguse uandishi wangu katika barua ya mapendekezo.

Idara tatu zilinikataa. Ya nne iliniita kwa mahojiano ya Skype mwaka 2015. Profesa hakuniuliza habari za 147. Alisema ameiendesha programu kwa kufuata maelezo yangu, akataka kujua kwa nini inakosea pale nilipoandika inakosea. Nilipata nafasi ya uzamili na kazi ya kusaidia utafiti.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wao wa sayansi za tiba: alama za GRE zilisaidia kiasi kubashiri gredi za mwanzo, lakini hazikuonyesha nani atamaliza uzamifu wala nani atachapisha makala. Wakati wa korona, kuanzia 2020, idara nyingi ziliacha kuudai. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa hadi chini ya saa mbili, na insha imebaki moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, soma ukurasa wa kila idara unayoitaka, maana hata ndani ya chuo kimoja masharti hutofautiana.

Kijana wangu ana lugha nzuri na hesabu 151. Nilimuuliza: hiyo 151 inasema uongo, au inasema kweli? Kama ni uongo, onyesha kazi ya hesabu uliyoifanya. Kama ni kweli, jifunze hiyo hesabu, kwa sababu utaihitaji hata ukikubaliwa. Ameniambia jibu tayari, na Jumamosi tunaanza na takwimu.

Haya, tuonane wiki ijayo.