Hodi Isiyosikika: Lugha ya Sera za Faragha na Msomaji wa Mji wa Kale

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mji wa Kale wa Mombasa una milango mingi ya kutazamwa, iliyonakshiwa kwa mikono ya mafundi stadi. Hata hivyo, mwenyeji wa Kibokoni ajua kuwa heshima ya mlango haimo katika nakshi, imo katika adabu ya anayeusogelea. Mgeni hupiga hodi, akangoja. Akikaribishwa, huketi barazani. Akizoeleka, huingia ukumbini. Chumba cha ndani ni cha wenyewe. Kwa mpangilio huo wa nyumba Waswahili waliipa faragha umbo, na lugha ikaipa maneno: sitara, siri, amana, ridhaa.

Adabu hiyo sasa inajaribiwa na mlango wa aina nyingine. Mathalani, mtazame ajuza anayeuza mahamri na mbaazi barazani pake, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Bei ya unga imepanda naye anataka mkopo mdogo. Mjukuu wake amemshikia simu ya mkononi, anamjazia fomu ya kampuni ya mikopo.

"Bibi, hapa wataka ukubali sera yao ya faragha."

"Yasemaje hiyo sera, mwanangu?"

Kijana anafungua tovuti ya kampuni. Anateremsha kidole, aya baada ya aya, na mwisho hauonekani. Hatimaye anarudi nyuma na kubofya palipoandikwa "Nakubali". Ajuza amekwisha kuridhia, ilhali hakusomewa hata sentensi moja.

Si haki kumlaumu kijana kwa uvivu. Mwaka wa 2008, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, walikadiria kuwa mtu angalihitaji takriban saa 200 kila mwaka kusoma sera za faragha za tovuti zote anazozitembelea. Hakuna muuza mahamri mwenye saa hizo, wala hakuna profesa mwenye saa hizo.

Sheria ya Kenya inadai jambo zito zaidi ya kubofya. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na yenye ufahamu. Aidha, mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa unamwangukia anayezichukua taarifa. Maadamu ufahamu ni sharti, swali la sheria limegeuka kuwa swali la lugha: je, maandishi haya yanafahamika?

Yamkini mtu atajibu kuwa dawa ni tafsiri. Natuichunguze basi sentensi ya mfano, ya aina inayopatikana kwa kutafsiri neno kwa neno: "Kwa kuendelea kutumia huduma hii, mtumiaji anaridhia kwamba taarifa zake binafsi zaweza kukusanywa, kuchakatwa na kushirikishwa wahusika wengine kwa madhumuni halali ya kibiashara." Kila neno ni la Kiswahili sanifu. Hata hivyo, ajuza wa Ndia Kuu hatapata kitu. Kuchakata alikusikia kwenye habari za mkonge. Wahusika, kwa mwanafunzi wa fasihi, ni watu wa riwaya. Yeye atauliza ni akina nani. Na ni nani hasa anayekusanya? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na neno "zaweza" limeificha ahadi.

Sasa sentensi hiyo hiyo iandikwe upya na mwandishi anayeogopa kudanganya: "Tutachukua jina lako, namba yako ya simu na namba ya kitambulisho chako. Tutasoma majina na namba za watu wote uliowahifadhi katika simu yako. Ukichelewa kulipa, tutawapigia watu hao."

Hapo ndipo siri inapofichuka. Maneno yamekuwa mepesi, na tendo limeonekana lilivyo. Sentensi ya kwanza ingepita mezani pa wakubwa wa kampuni bila ya mtu kukohoa; ya pili ingemfanya hata mwandishi wake asite. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuitumia orodha ya majina iliyomo katika simu ya mdaiwa ili kuwatumia watu hao ujumbe wa deni. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 2,975,000 dhidi ya kampuni moja ya mikopo kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Kwa hakika, lugha nyepesi humpima mwandishi kabla ya kumpima msomaji.

Kiswahili hakikosi maneno ya ukweli wa namna hiyo. Vijifaili ambavyo tovuti huviacha katika kifaa cha mtu ili imtambue akirudi vimeitwa vidakuzi. Neno hilo lina nasaba moja na kudakua, yaani kutoa siri, na udaku unaojulikana magazetini. Mwenye kulisikia hupata shaka, naye huuliza: kinadakua nini, na kwa nani? Jina lenyewe limekwisha kumpigia hodi.

Mombasa yafahamu kuwa kuchagua lugha ya maandishi ni kuchagua nani ataingia. Mkutano uliofanyika mjini humo mwaka wa 1928 ndio ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wenye Kimvita wamelijadili jambo hilo tangu hapo. Hapana haja ya kuandika sera za faragha kwa Kimvita. Kinachotakiwa ni usanifu unaomjali msomaji: mtenda atajwe, kitu kinachochukuliwa kitajwe, anayepewa atajwe, muda wa kukihifadhi utajwe, na njia ya kukataa ionyeshwe. Mpangilio nao uige nyumba ya Kiswahili. Ukurasa wa kwanza uwe baraza, wenye majibu mafupi ya maswali hayo matano. Maelezo ya kisheria yakae ndani, kwa anayetaka kuingia.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mawakili na wataalamu wa tarakilishi peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili wanaojifunza kauli za vitenzi, semantiki na tafsiri wanazo zana zake mikononi. Sera moja iliyoandikwa upya, kisha ikasomwa kwa sauti barazani na kuulizwa "umeelewa nini?", ni mtihani mgumu kuliko mingi ya darasani.

Lau mjukuu yule angalikuta maandishi ya namna hiyo, angalimsomea bibi yake kwa muda mfupi tu. Ajuza angaliwakumbuka waliomo katika simu yake: mkwewe, imamu wa mtaa, wateja wa mahamri. Pengine angalikataa, na unga ungalibaki dukani. Pengine, kwa shida aliyo nayo, angalikubali. Vyovyote iwavyo, hodi angaliisikia, na jibu lingalikuwa lake.